Zulia ya Majani: Kutoka Visiwa vya Kisale Mpaka Sanduku ya Kioo

Wiki hii mniachie niongee juu ya majani. Si sombe, si matembele. Ni majani ya mayi, yale tunayopita juu yake na bwato kila siku bila kuyaangalia.

Kule Ulaya, Japani na Marekani kuna watu wanaonunua sanduku ya kioo, wanatia mchanga, maji na taa, kiisha wanapanda majani mafupi chini kabisa mpaka yafunike mchanga wote sawa zulia. Sanduku hiyo inaitwa akwariomu. Wakishamaliza, wanaketi mbele yake jioni na kutazama. Hawavui kitu, hawauzi kitu. Mvuvi wa kwetu akisikia hivyo atauliza kwanza: hizo samaki ziko na uzito gani?

Lakini msicheke haraka. Historia ya hiyo zulia inapita karibu na mlango wetu, na kuna fasi inapoleta hatari ya kweli kwa mto unaotulisha.

Tuanze na mmea wenyewe. Kuna mimea ya majini inayokwenda juu, inatafuta jua. Kuna mingine inakwenda pembeni. Shina lake linatambaa ndani ya matope au juu yake, na kila baada ya sentimita chache linatoa mizizi chini na majani juu, kiisha linaendelea. Ukikata shina hilo katikati, haujaua mmea. Umefanya mimea miwili. Hiyo njo siri yote ya zulia. Fundi wa akwariomu anapanda vishina vidogo vidogo, na mmea unamaliza kazi yenyewe. Mshike vizuri neno hili la shina kukatwa na kuongezeka, juu tutalirudia na halitakuwa tena la kuchekesha.

Sasa Kisale.

Mwaka 1874 Mwingereza mmoja, Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini, alifika Kilemba, makao ya Kasongo Kalombo, mulopwe wa Waluba. Alikuwa ametumwa kumsaidia Livingstone, akakuta Livingstone ameshakufa, akaamua kuendelea na safari mpaka bahari ya pili. Alifika Benguela, pwani ya Angola, mwezi wa Novemba 1875, na kitabu chake kilitoka mwaka 1877. Kilemba alikaa miezi mingi kumngojea mfalme, ambaye alikuwa safarini. Aliyempokea na kumtunza pale ni Juma Merikani, mfanyabiashara aliyekuja na misafara ya kutoka pwani. (Wale wanaosema Kiswahili kilifika kwetu na migodi tu, wamfikirie kidogo huyu Juma.)

Katika kungojea huko Cameron alitembea. Kwenye ziwa dogo aliloliandika Mohrya aliona nyumba zimesimama juu ya nguzo ndani ya maji. Na juu ya ziwa kubwa la Kisale, ambalo yeye aliandika Kassali, alipata habari iliyomshangaza zaidi: watu wanaoishi juu ya visiwa vinavyoelea. Visiwa hivyo havikuwa vya mawe wala vya mchanga. Vilikuwa vya majani. Kando ya ziwa kulikuwa na tandiko zito la mafunjo na nyasi zilizoshikamana mizizi, ambalo yeye aliliita tikatika. Watu walikata kipande kikubwa cha tikatika, wakatandika juu yake magogo na matawi, wakamwaga udongo, kiisha wakajenga nyumba, wakapanda ndizi, wakafuga mbuzi na kuku. Kisiwa kilifungwa kwa miti iliyopigwa chini ya ziwa. Wakitaka kuhama, wanang'oa miti na kwenda na kijiji chao.

Ninapenda tusimame hapa. Mtu wa mjini akisoma habari hii ataona ajabu ya kuchekesha tu, sawa vile wageni wanavyopenda kuandika juu yetu. Mimi ninaona uhandisi. Kwanza, walijua kwamba mafunjo yana shina la kutambaa lenye hewa ndani, njo maana yanaelea. Pili, walijua kwamba mizizi ya mimea mingi ikifumana inabeba uzito ambao mmea mmoja hauwezi. Tatu, walijua kwamba tandiko lililo hai linajitengeneza: linapooza chini, linaota juu. Magogo matupu yangekunywa maji na kuzama. Tikatika iliendelea kuota chini ya miguu yao.

Na kwa nini mtu akubali kulala juu ya majani wakati kuna kilima kikavu? Cameron mwenyewe anatupatia jibu bila kulitafuta. Katika safari hiyo aliona msafara wa mwuza watumwa mmoja aliyeitwa Coimbra ukifika na wanawake 52 waliofungwa kwa kamba, na alihesabu kwamba ili kuwapata hao 52, vijiji kumi viliharibiwa. Vijiji kumi, wandugu. Wakati huo watu wa Alvez walikuwa wanatembea nchi nzima, na askari wa mulopwe mwenyewe nao walikuwa wanapora. Katika nchi ya namna hiyo, kijiji kinachoweza kung'oa miti yake usiku na asubuhi kukutwa katikati ya ziwa si mchezo. Hii ni maoni yangu, lakini sioni maelezo mengine yanayotosha: zulia ile ya majani ilikuwa ukuta. Adui wa nchi kavu hawezi kukimbia juu ya mafunjo, na bila bwato hafiki.

Wala watu wa maziwa hawakuanza kulijua ziwa wakati wa Cameron. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu wa kuchimba mambo ya kale, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux, walifungua makaburi ya Sanga, kando ya Kisale, na Pierre de Maret alirudi huko kwenye miaka ya 1970. Walikuta jamii iliyokaa pale kati ya karne ya 8 na ya 13 hivi, yenye vyungu vizuri sana, vitu vya shaba, na majiko madogo ya udongo ya kubebwa, ya namna ambayo mvuvi anaweza kupikia ndani ya bwato. Samaki ndiye aliyewalisha. Na samaki wa Upemba, Kisale na Kabamba, tangu zamani mpaka leo, anazaliwa wapi? Kwenye majani. Mayai yanawekwa kwenye majani, watoto wa samaki wanajificha kwenye majani, wadudu wanaowalisha wanaishi kwenye majani. Ziwa lisilo na majani ni bwawa la maji tu.

Watu wa mashua za moshi hawakuyapenda hayo majani hata kidogo. Reli kutoka Elisabethville ilifika Bukama mwaka 1918, na kutoka pale abiria na mizigo waliteremka Lualaba kwa mashua kuelekea Kabalo na Kongolo. Kisale ilikuwa shida yao, juu mafunjo yanahama na upepo na kufunga njia. Ilibidi kufungua chaneli na kuitunza, mwaka baada ya mwaka. Kile kilichokuwa kijiji kwa wengine, kwa nahodha kilikuwa uchafu.

Hebu tuvuke bahari. Miaka ishirini na mitano mbele ya Cameron kufika kwetu, pale London, mtaalamu wa kemia Robert Warington alikuwa na swali moja: samaki anaweza kuishi ndani ya kioo bila kubadilisha maji? Zamani watu waliweka samaki wa dhahabu kwenye bakuli na kumwaga maji kila siku, na samaki walikufa vilevile. Mwaka 1849 Warington alitia mchanga, samaki wawili, na mmea wa majini uitwao Vallisneria, wenye majani marefu sawa utepe, unaotambaa na shina chini ya mchanga. Mmea ulitoa hewa, samaki wakapumua. Lakini majani ya zamani yalianza kuoza na maji yakachafuka. Akatafuta konokono. Konokono wakala majani yaliyooza, maji yakarudi kuwa safi, na mayai yao yakawa chakula cha samaki. Aliandika matokeo mwaka 1850. Watatu hao, samaki, mmea na konokono, njo mwanzo wa akwariomu ya maji matamu kama tunavyoijua.

Hakuwa wa kwanza kuweka mnyama wa majini ndani ya kioo. Mama mmoja Mfaransa, Jeanne Villepreux-Power, alifanya hivyo kule Sicily kwenye miaka ya 1830 ili kuchunguza wanyama wa bahari. Lakini Warington njo alieleza hesabu ya mmea na samaki ikaeleweka. Na bahati ilimsaidia: serikali ya Uingereza ilikuwa imeondoa kodi ya kioo mwaka 1845, kioo kikashuka bei. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, mwaka 1854 Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake juu ya akwariomu, na Waingereza wakashikwa na homa. Kila nyumba ya watu wenye pesa ilitaka moja. Walishuka pwani na ndoo na kuchukua kila kitu. Mtoto wa Gosse, Edmund, aliandika baadaye, mwaka 1907, kwa uchungu, kwamba madimbwi ya mawe yaliyokuwa mazuri utotoni mwake yaliharibiwa na hao waliosoma vitabu vya baba yake.

Kuhusu ile Vallisneria, jamaa zake wanaota Ziwa Tanganyika kwenye mchanga, mtu wa Kalemie au Uvira anaweza kuingia maji na kuikanyaga. Kile Warington alichotunza ndani ya kioo na heshima ya kisayansi, kwetu kinashika kwenye nyavu na kutupwa.

Bon, turudi kwenye zulia yenyewe. Watu wa kwanza wa akwariomu walipenda mimea mirefu. Wazo la kufunika sakafu yote na majani mafupi lilipata sifa dunia nzima kupitia Mjapani mmoja, Takashi Amano, aliyezaliwa Niigata mwaka 1954. Alikuwa mwendesha baiskeli wa mashindano na mpiga picha, kiisha akaanzisha kampuni yake mwaka 1982. Yeye alitaka sanduku ifanane na bonde, mlima na majani ya malisho, na kwa malisho alitumia Glossostigma, kimmea kidogo sana cha New Zealand na Australia. Mwaka 2015, mwaka aliokufa, alimaliza Lisbon kazi yake kubwa kuliko zote: sanduku ya mita 40 urefu yenye maji lita 160,000. Picha zake ni nzuri, sibishi. Lakini zulia ya Amano inataka taa kali na hewa ya kaboni inayopulizwa ndani ya maji kutoka chupa ya chuma. Ni mchezo wa mtu mwenye umeme saa 24. Kwa Mulongo tuongee mambo mengine.

Kuna zulia rahisi. Ninayoipenda kuliko zote inaitwa Marsilea. Ukiiona mara ya kwanza utasema ni majani ya kawaida yenye vipande vinne, sawa msalaba. Kumbe ni jamaa ya mafeni, haitoi ua hata siku moja. Aina zake mbalimbali zinaota Afrika, kwenye madimbwi yanayokauka kiangazi na kwenye mashamba ya mpunga. Dimbwi likikauka, inaacha vifuko vigumu sawa mbegu ya maharagwe ndogo, vinavyongojea ndani ya udongo, hata miaka mingi, mpaka mvua irudi. Chini ya maji inatambaa polepole, haihitaji hewa ya chupa, inavumilia mwanga mdogo. Ukiwa na haraka itakuudhi: mwezi wa kwanza utafikiri imekufa.

Marsilea ina hadithi yake ya kusikitisha, na ni darasa la historia kwa yeyote anayedharau maarifa ya wenyeji. Mwaka 1860 Waingereza wa Melbourne walituma msafara mkubwa kuvuka Australia kutoka kusini mpaka kaskazini, wakiongozwa na Burke na Wills. Kurudi, chakula kiliwaishia karibu na mto uitwao Cooper Creek. Watu wa pale, Wayandruwandha, walikuwa wanasaga vifuko vya Marsilea, wao wanaviita nardoo, na kufanya mkate. Wazungu wakaiga. Walikusanya, wakasaga, wakala, wakashiba, na wakaendelea kudhoofika. Miguu ikakataa. Mwishoni wa Juni 1861 Wills alikufa, na Burke vilevile. Mmoja wao, King, alikwenda kuishi na Wayandruwandha, na alipona. Leo tunajua kwamba Marsilea ina kitu kinachoharibu vitamini B1 mwilini, na kwamba wenyeji walikuwa na njia yao ya kuitengeneza, ya kuchoma na kuosha na maji, inayopunguza hiyo sumu. Mmea ulikuwa uleule, jiwe la kusagia lilikuwa lilelile, waliokosa ni mafundisho. Na sisi tunaokula sombe tunalijua somo hilo: muhogo mchungu haujasamehe mtu aliyeruka siku za kulowesha.

Mingine iliyo rahisi: Sagittaria subulata, nyasi fupi ya pwani ya mashariki ya Amerika, inatambaa haraka sana, Lilaeopsis ya Brazili, ya polepole, na Cryptocoryne parva ya Sri Lanka, ambayo ni ya polepole mpaka inachosha. Mtu anayetaka kijani bila kazi anaweza kufunga moshi ya maji juu ya wavu na kuulaza chini, ni zulia ya uongo lakini inapendeza.

Namna ya kupanda si siri. Mchanga uwe mwembamba, si kokoto, juu mizizi midogo haishiki kokoto. Sentimita tano zinatosha. Ukitia udongo wa shamba chini, ufunike vizuri na mchanga, la sivyo maji yatakuwa chai ya maziwa. Usipande fungu zima fasi moja: ligawe vipande vidogo, kila kimoja na shina lake na mizizi yake, uvipande na nafasi ya vidole viwili au vitatu, ili kila kimoja kikimbilie mwenzake. Maji yasiwe mengi mwanzoni. Kuna wanaoacha mchanga ukiwa umelowa tu, wanafunika kioo na plastiki wiki kadhaa mpaka mizizi ishike, kiisha ndipo wanajaza maji polepole. Mkulima wa mpunga ataelewa bila kuelezwa. Mwanga, saa sita mpaka nane kwa siku. Jua kali la dirishani siku nzima litakupa ukungu wa kijani badala ya zulia, na maji ya kioo kidogo yatachemka samaki wako. Konokono wawili watatu, kwa heshima ya Warington.

Sasa ile habari ya shina linalokatwa na kuongezeka.

Mmea ambao vitabu vingi vya biolojia vinachora kuonyesha mapovu ya hewa juani unaitwa Elodea. Asili yake ni Amerika ya kaskazini. Ulionekana Ireland mwaka 1836 na Uingereza kwenye miaka ya 1840, na ndani ya miaka michache ulifunga mifereji, mashua zikakwama. Jambo la ajabu ni kwamba karibu mimea yote ya Ulaya ilikuwa ya kike peke yake. Hakukuwa na mbegu. Nchi nzima ilijazwa na vipande vya shina vilivyokatwa na makasia.

Kwetu lilikuja gugu-maji, lile lenye ua zuri la zambarau. Asili yake ni bonde la Amazon. Halikuletwa na adui. Lililetwa na wapenda bustani, wakaliweka kwenye bwawa la maua juu ni zuri. Kwenye mto Kongo lilionekana mwaka 1952. Kufika 1955 lilikuwa limetandaa kati ya Stanleyville na Léopoldville, karibu kilomita 1,600. Serikali ya wakoloni ilituma mashua kumwaga dawa ya kuua majani iitwayo 2,4-D, ikatumia pesa nyingi, na gugu bado lipo mpaka leo, kila mtu aliyesafiri na baleinière anajua. Mwaka 1958 lilikuwa limeonekana kwenye Nili Nyeupe, Sudani. Mwaka huohuo wa 1958, mwezi wa Desemba, ukuta wa Kariba ulifungwa kwenye Zambezi, na kimmea kingine cha Amerika ya kusini, Salvinia, ambacho kinauzwa kwa ajili ya mabwawa na akwariomu, kikatumia maji mapya yaliyotulia: kufika 1962 kilifunika karibu kilomita za mraba 1,000 za ziwa.

Kiisha Ziwa Victoria. Gugu-maji lilionekana huko mwishoni mwa miaka ya 1980. Miaka kumi baadaye ghuba za Uganda, Kenya na Tanzania zilikuwa zimefungwa, mvuvi wa Kisumu anaona ziwa lakini hawezi kutia mtumbwi. Chini ya tandiko lile hakuna mwanga, hewa inakwisha, samaki wanakimbia au wanakufa. Kilichosaidia hakikuwa dawa. Walileta mdudu mdogo, kifukusi cha kwao na gugu lenyewe, kule Amerika ya kusini, kiitwacho Neochetina, ambacho kinakula mmea huo tu. Uganda ilianza kukiachia mwaka 1995, Kenya mwaka 1997, na mwisho wa miaka ile gugu lilipungua sana, ingawa halikuisha.

Msilinganishe hilo na tikatika ya Kisale. Mafunjo yetu yanajulikana na viboko, na samaki, na wadudu, na watu. Kila mmoja wao anayakata, anayala, anayatoboa, na kati ya mashina yake maji yanapita. Mgeni anakuja bila adui. Juu ya uso wa maji yote mawili ni zulia ya kijani na picha ya simu haitakuonyesha tofauti. Mvuvi anaijua kwa kutia mkono.

Njo maana ninaandika. Siku hizi mimea ya akwariomu inauzwa kwa simu, inasafiri ndani ya mfuko wa plastiki, na vijana wa miji yetu wameanza kuipenda. Sioni ubaya. Lakini sanduku ikivunjika, au mtu akihama nyumba, yale maji yanamwagwa wapi? Kipande cha shina cha sentimita mbili kinatosha. Sisi wa Mulongo tuko chini ya maziwa, lakini walio Bukama wako juu, na maji ya Bukama yanapita Upemba na Kisale mbele ya kutufikia. Mwalimu anayetaka zulia kwa darasa lake achukue mimea ya kwetu, ya dimbwi la karibu, si ya posta. Majani yaliyokatwa yaanikwe juani mpaka yavunjike kwa vidole, kiisha yatiwe kwenye udongo wa bustani. Maji ya kubadilisha yamwagwe chini ya mti wa embe, hata kama mto uko karibu zaidi.

Na kwa mwalimu asiye na kioo wala umeme: chupa ya plastiki ya lita tano, ikatwe shingo. Mmea wa Ceratophyllum, ule wenye majani membamba sawa mkia wa paka, unaoelea bila mizizi, uko karibu kila ziwa tulivu la Afrika ya kati. Tawi moja, maji ya ziwa, jua la saa nne asubuhi. Mapovu yatapanda mbele ya macho ya watoto, na hakuna atakayehitaji picha ya Elodea.

Ombi langu kwa wakubwa wa Malemba-Nkulu, Kinkondja na Mulongo: yale majani ya vipande vinne, ya msalaba, yanayoota kwenye dimbwi mvua ikianza, wazee wenu wanayaitaje kwa Kiluba? Na tikatika ya Cameron, neno hilo bado liko kwenye midomo ya wavuvi? Andikeni hapa chini, na kijiji mlikolisikia.